Mjomba, Usiitume Ile Mashine

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 10 Novemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka kazini, umevua viatu na umekaa mahali penye mwanga wa kutosha, kwa sababu ni ndefu kidogo. Habari za huko? Kile kikohozi kimekwisha? Bibi huuliza habari za kifua chako kabla hajauliza habari zako mwenyewe, utadhani kifua ndicho kilichosafiri na wewe ukakisindikiza.

Sisi hapa ni wazima. Bibi ni mzima, ila magoti yake ni yale yale. Baba ana kazi nyingi za mabomba, maana mvua zimeanza na sasa ndipo watu wanapokumbuka kwamba mifereji yao imeziba. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na hataki tena kucheka mbele ya wageni. Mimi nasoma. Mitihani ya mwisho wa muhula iko karibu. Hesabu bado inanisumbua, lakini si kama mwaka jana.

Mama naye ni mzima, isipokuwa mgongo, na habari ya mgongo ndiyo iliyonifanya niketi kuandika.

Uliposema kwenye simu kwamba umeona mashine ya kutibu mgongo dukani huko, ndogo ya kushika mkononi, na kwamba unataka kumnunulia Mama, simu ilipita mikono mingi. Bibi alisema nunua. Baba alisema ngoja. Mama alisema asante, na simu ikakatika. Baadaye aliniambia nikujibu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiingia naye chumbani kwa mtaalamu na nilisikia yote kwa masikio yangu. Jibu langu ni kwamba usiitume. Lakini nikiishia hapo utaona hatuna shukrani, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Maumivu yenyewe yako chini ya mgongo, pale kiunoni, zaidi upande wa kushoto. Yalianza kabla hujasafiri, lakini wakati ule yalikuwa ya kuja na kuondoka. Sasa yamehamia kabisa. Asubuhi Mama huamka akiwa mgumu kama shuka iliyotiwa wanga kupita kiasi. Hayo ni maneno yake. Akitembeatembea hulainika. Akianza kupiga pasi huwa bado ana nafuu, na ikifika mchana anaanza kuegemea ukuta huku akijifanya anatazama nje.

Katikati ya mwaka alisema jambo ambalo hukuambiwa kwenye simu. Tulikuwa tunakunja shuka za nyumba ya wageni, yeye ameshika ncha za huku na mimi ncha za kule. Akasema, kama mtu anayeeleza habari za jirani, kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwaka na mgongo uko hivi hivi, ataacha udobi. Chumba cha mbele, hiki cha kupigia pasi, atampangisha yule dobi wa mtaa wa pili, ambaye amekitamani siku nyingi kwa sababu cha kwake hakina dirisha. Akaongeza kwamba Bibi asiambiwe kwanza. Nilileta ncha zangu kwenye ncha zake kama kawaida, tukachukua shuka nyingine.

Wewe unajua chumba kile ni nini kwa Mama. Alikuwa akifanya kazi za shule chini ya ile meza ya pasi wakati Bibi anapiga pasi juu. Ananiambia mpaka leo akisikia harufu ya nguo iliyopata moto anakumbuka kuzidisha na kugawanya. Kwa hiyo alipokwenda kwa daktari, mimi niliona anatafuta mtu wa kumwambia kwamba anaweza kubaki dobi.

Daktari alimpima, akampiga picha, akasema mifupa haina jambo la kutisha. Akamwandikia kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, atibiwe kwa altrasaundi. Si ile ya kumtazamia mtoto tumboni. Hii haionyeshi picha yoyote, inatibu tu.

Mtaalamu ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Wagonjwa wanamwita Dada Polepole, kwa sababu lolote unalofanya mbele yake, hata kufunga kamba za viatu, anakwambia polepole. Chumba chake kina pazia la kijani, bango la mifupa lililochanika pembeni na kitanda kinachopanda na kushuka kwa kanyagio. Mashine iko juu ya kimeza chenye magurudumu. Ni kisanduku kama redio, na kwenye ncha ya waya wake kuna kichwa cha chuma kinachofanana na muhuri mkubwa wa ofisi.

Mama analala kifudifudi. Dada Polepole anampaka jeli kiunoni, baridi mpaka Mama anavuta pumzi, halafu anazungusha kile kichwa juu ya ngozi, mizunguko midogo midogo, bila kukibandua na bila kukiacha kitulie mahali pamoja. Kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Yanapenya nyamani na kuitikisa kidogo kidogo mpaka ipate joto. Niliuliza kama mbwa anaweza kuyasikia. Akasema hata mbwa hawezi. Baada ya dakika chache kisanduku kinalia, jeli inafutwa kwa kitambaa, na kazi imekwisha.

Siku ya kwanza alimwuliza Mama kama anasikia joto.

"Nalisikia, dada," Mama akasema. "Linaingia vizuri kabisa."

Tulipofika barabarani nikamwuliza joto lenyewe likoje.

"Joto gani? Sikusikia kitu. Lakini mtu anakuzungushia mkono vile, kwa moyo wote, utamwambiaje husikii?"

Hata hivyo Mama aliipenda ile mashine. Nadhani alipenda pia kulala mchana kweupe mahali ambapo hakuna mteja wa kumwita. Akitoka pale alitembea vizuri mpaka jioni, na siku nyingine mpaka asubuhi yake. Kisha maumivu yalirudi mahali pake, kama mtu aliyetoka kidogo kununua chumvi.

Dada Polepole alimpa pia mazoezi ya nyumbani. Alale chali, akunje magoti, ainue kiuno na kukishusha. Apige magoti na kuweka mikono chini, aukunje mgongo juu kama paka aliyekasirika, kisha aulegeze. Atembee kila siku, hata kama ni mpaka dukani na kurudi. Siku ya kwanza Mama alijaribu sebuleni. Bibi alipoingia na kumkuta sakafuni aliuliza kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, umeanguka au umeangushwa?" Mdogo wangu akampanda mgongoni. Baba akampita na kikombe cha chai mkononi, akasema samahani. Baada ya hapo Mama hakulala tena sakafuni. Kila alipoulizwa kama anafanya mazoezi alijibu kwamba anafanya, na mimi nilisoma majina ya mifupa kwenye bango.

Kisha ikafika siku ambayo Dada Polepole alizima kisanduku, akaukunja waya na kusema kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa mashine, kuanzia wiki ijayo itakuwa mazoezi tu. Mama alikuwa bado amelala kifudifudi. Nikaona bora niulize wakati huo huo. Nikamwambia kwamba nina mjomba aliye mbali, anataka kutuma mashine ya namna hiyo, ya nyumbani, je, aitume?

Alifuta mikono kwanza.

"Mwambie mjomba wako ana moyo mzuri," akasema. "Lakini nikikwambia itamponya mama, nitakuwa namdanganya yeye na wewe. Wameichunguza sana kwa mgongo wa siku nyingi kama huu. Hawajapata ushahidi mzuri kwamba anayezungushiwa hii anapona kuliko anayezungushiwa ikiwa imezimwa. Labda nafuu kidogo, ya muda. Haina ubaya ikitumiwa na anayeijua. Ila isibebeshwe mzigo wote."

Mama aliinua kichwa. "Sasa mbona mlinifanyia?"

"Daktari aliandika. Halafu, mama, ningekuambia uje hapa kulala chini na kuinua kiuno tu, ungekuja?"

Mama akafikiri. "Nisingekuja."

"Basi na mimi nilihitaji uje."

Alieleza kwamba mgongo wa namna hii unasaidiwa zaidi na mwili wenyewe, ukitembezwa na kutiwa nguvu taratibu, na kwa kuiangalia kazi inayoutonesha kila siku. Alisema pia kwamba maumivu ya siku nyingi hayamaanishi kuna kitu kimevunjika ndani. Nilitazama kama Mama ameyasikia hayo. Alikuwa anatafuta viatu kwa mguu.

Karibu na nyumbani akasema, "Kumbe nilikuwa napakwa jeli." Hakusema kwa hasira. Jioni, wakati naosha vyombo, aliniuliza shule zinafungwa lini. Tarehe yenyewe imezungushiwa wino kwenye kalenda ya jikoni, mahali anapopita kila siku. Nikamtajia.

Wiki iliyofuata nilidhani hatakwenda, lakini alikwenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliahidi. Dada Polepole hakumlaza. Alimwambia asimame amwonyeshe anavyopiga pasi.

"Nitaonyeshaje? Hapa hakuna meza."

"Kitanda hiki ndicho meza. Niambie nikiache wapi." Akakanyaga kanyagio, kitanda kikaanza kushuka. "Hapa?"

"Chini."

"Hapa?"

"Teremsha tu, dada."

Kitanda kikagonga, kikakataa. Ni cha zamani, hakishuki sana.

"Mama, hapa ndipo mwisho wake."

"Basi ya kwetu iko chini kidogo ya hapo," Mama akasema, akainama na kuanza kupiga pasi isiyokuwepo.

Mama alikuwa amejikunja kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Dada Polepole akaniita nimshikie Mama mkono, akakipandisha kitanda mpaka kiwiko cha Mama kikawa kimekunjika kidogo tu na mgongo umesimama. Akamwambia apige pasi tena. Mama alipeleka mkono mara mbili tatu, akaacha.

"Hii ni starehe, dada, lakini yetu haipandishwi. Ile ni ya mama yangu."

Hapo, Mjomba, ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote. Wewe unajua meza ile ilivyotengenezwa. Seremala alikuja akampima Bibi kwa kamba, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, na Babu akasimamia ili isizidi hata ukucha, maana Bibi alikuwa amechoka kupiga pasi kwenye meza za watu warefu. Kimo cha Bibi unakijua. Wewe ulikirithi, usinikasirikie. Mama alichukua urefu wa Babu. Tangu Bibi alipomwachia kazi, Mama amekuwa akiinama kwenye meza ya mtu anayemfikia begani, na hakuna aliyesema neno, si kwa sababu hatukuona, ila kwa sababu meza ni ya Bibi na Bibi bado anaitumia. Kila jioni anakuja kupiga pasi foronya. Mama humtengea kwenye kikapu chake. Angeweza kuzimaliza mwenyewe upesi, lakini huziacha makusudi, ili Bibi asijione ametupwa pembeni.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Sikutaka kumsema Mama nyuma ya mgongo wake, nao ndio huo unaouma. Lakini kalenda ilikuwa ukutani. Alhamisi moja, nilipotoka shule, nilimkuta Bibi peke yake nyuma ya nyumba akishona vifungo vya mashati ya wateja.

"Mama Maswali," akaniita kama kawaida yake, "umekuja na lipi leo?"

Nikamwuliza meza ya pasi ikipandishwa, yeye foronya zake atapigia wapi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi kaa, unitungie uzi kwenye sindano."

Nikatunga. Akashona kifungo kizima, akakata uzi kwa meno.

"Wewe unadhani mimi nazipenda foronya?" akasema. "Kila jioni nasimama pale magoti yanawaka. Lakini nikikaa, mama yako atasema nimemsusia kazi. Ananitengea kikapu, nitaachaje kikapu cha watu?"

Nikamweleza kwa nini Mama anatenga kikapu. Nikaeleza na habari ya kitanda kilichogonga chini. Ile habari ya kuacha udobi sikuitaja, kwa sababu haikuwa yangu kuitaja. Bibi alisikiliza huku akitafuta kifungo kinachofanana na wenzake. Alipokipata alikirudisha kwenye kopo, akainuka, akaenda chumba cha mbele kwa mwendo ambao sijamwona nao siku nyingi. Nikamfuata kwa mbali.

"Wewe," akamwambia Mama, "mgongo unakuua kwenye meza yangu, mbona hukusema?"

Mama aliiweka pasi kando. "Ningesemaje, mama?"

"Kwa mdomo. Mdomo ule ule unaowafokea nao wanaochelewa kuchukua nguo zao."

"Na wewe magoti?"

"Magoti yangu yanaingiaje hapa?"

"Si yanauma?"

"Yanauma."

"Mbona hukusema?"

Bibi akaketi kwenye gunia la nguo chafu na kuanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, na Mama akaegemea meza akacheka pia, mkono mmoja kiunoni kwa sababu hata kucheka kunamuuma. Mteja aliyekuja kuchukua suruali alisubiri mlangoni, hajui aingie au arudi.

Baba ndiye aliyeipandisha meza, jioni ile ile. Alikata vipande vya bomba la chuma, akaivisha miguu ya meza kama soksi, akaweka mpira chini ili isiteleze. "Mwaka mzima napandishia watu masinki," alisema akiwa chali chini ya meza, "na hii naipita kila siku nikienda kunywa chai." Bibi akamjibu kutoka mlangoni kwamba angeionaje na yeye hajawahi kushika pasi. Mara ya kwanza ilizidi, Mama akawa kama anaandika ubaoni. Baba akapunguza. Dada Polepole alishauri pia pawe na kibao kifupi chini, Mama aweke mguu mmoja juu yake, akichoka abadilishe, basi Baba akakitengeneza kwa mabaki ya mbao.

Nisikudanganye kwamba siku iliyofuata Mama alipona. Siku iliyofuata alilalamika mabega. Alisema shuka zimekuwa ngeni, na waya wa pasi ukawa mfupi ikabidi tuhamishe meza karibu na soketi. Alikaribia kuunguza kola. Lakini ilipofika mchana sikumwona ukutani. Anasema zamani alikuwa anaona kitambaa tu siku nzima, na sasa anawaona wateja wakiwa bado upande wa pili wa barabara, anakuwa ameshashusha nguo zao kabla hawajafika.

Mazoezi anafanya, safari hii kweli, kwenye mkeka chumbani kwa Bibi mlango ukiwa umefungwa. Bibi anakaa kitandani kumhesabia, na anahesabu kwa ujanja. Akikaribia mwisho anarudi nyuma, Mama akilalamika anasema uzee umemsahaulisha. Jioni badala ya kupiga pasi foronya Bibi anazikunja, amekaa kwenye kiti, na anazikosoa zote.

Hali ilivyo leo ni hii. Asubuhi Mama bado ni mgumu, ila hachukui muda mrefu kulainika. Siku ya mvua ni mbaya kuliko siku ya jua. Wiki iliyopita palikuwa na siku mbaya sana, akakata tamaa mpaka jioni. Dada Polepole alituonya kwamba siku za namna hiyo zitakuja, zisitutishe. Alisema tumpe Mama miezi. Naona ni sawa, kwa sababu mgongo wenyewe ulichukua miaka.

Kwa hiyo, Mjomba, mashine iache dukani. Kama umeshainunua, waombe waipokee tena. Mama ameniagiza niandike kwamba nia yako ameipokea yote, imebaki mashine tu. Na mimi nina swali langu. Kazini kwako unainua makasha kutwa, nawe hujawahi kutuambia kama kuna mahali panauma. Kikohozi chenyewe tulikijua kwa sababu simu ilikisikia. Ukiniandikia, niandikie na hilo. Sitamsomea Bibi sehemu utakayopenda isisomwe.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo la juzi.

Yule dobi wa mtaa wa pili alikuja na futi ya kupimia. Mama alikuwa kazini, mimi namsaidia kutenga soksi, Bibi yuko kwenye kiti chake. Yule mama alisalimia vizuri, akasema shule zinakaribia kufungwa, naye amekuja kupima dirisha apate kununua pazia mapema. Halafu akaitazama meza.

"Hii meza imekua?"

"Imekua," Mama akasema.

"Na mgongo?"

"Upo."

Yule mama akafungua futi yake. Mama hakuiacha pasi. Alifika mwisho wa shuka, akaigeuza, akaanza upande wa pili.

"Pole kwa kutembea, dada," akasema. "Chumba hakipangishwi."

"Hata baadaye?"

"Baadaye nitakuwa napiga pasi."

Yule mama akaikunja futi yake, akasema si neno, akaomba apewe maji ya kunywa. Nikamletea. Bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chumba kilikuwa kinapangishwa, alimtazama Mama kwa muda mrefu. Kisha akachukua foronya nyingine kwenye kikapu na kuendelea kukunja.

Bibi anakusalimu, na anasema funika kifua. Baba anakusalimu. Mdogo wangu anasema atakusalimu meno yakiota. Mama anakusalimu sana. Sasa hivi yuko mlangoni ananiuliza naandika nini chote hicho. Wasalimie wenzako mnaokaa nao, hasa yule mpishi anayekuazima koti. Mungu akutangulie uendako na akurudishe kwetu ukiwa mzima wa kifua, wa mgongo na wa kila kitu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Mama Maswali.